George Boole: Mwana wa Fundi Viatu Aliyeigeuza Mantiki Kuwa Hesabu

Kila mwaka masomo yanapoanza, mafrateri wa mwaka wa kwanza wa falsafa huja na swali lile lile: somo la mantiki lina faida gani kwa padre? Parokiani atabariki ndoa, atazika, atasikiliza maungamo, atahangaika na paa la kigango linalovuja. Hoja za Aristotle zitamsaidia wapi? Miaka mingi nimejibu swali hilo kwa maneno ya jumla ambayo hata mimi hayakuniridhisha. Mwaka huu nina jibu, na nililipata nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, kwa mama mmoja mwanakwaya.

Mama huyu ni mfanyakazi wa kiwandani. Alikuja kuniaga kwamba hataonekana kwayani kwa muda, kwa sababu amepangiwa zamu ya Jumapili asubuhi wiki sita mfululizo. Alipomwendea msimamizi wake kulalamika, alijibiwa kwamba hakuna mtu aliyempangia. Ratiba imetolewa na kompyuta. Alinisimulia hayo kwa upole, kama mtu anayesimulia habari za ukame.

Nilirudi nyumbani nikawaza. Programu za namna hiyo, zinazopanga kazi za kiwanda kwa njia ya mantiki, zina babu yao. Aliitwa George Boole. Alizaliwa Lincoln, Uingereza, tarehe 2 Novemba 1815, siku tunapowakumbuka Marehemu Wote, na maisha yake yanafaa kusimuliwa kwa waseminari na kwa waamini wa parokiani pia.

Baba yake, John Boole, alikuwa fundi viatu. Tatizo ni kwamba alipenda darubini kuliko viatu. Alitengeneza vyombo vya kutazamia nyota, akawaita majirani waje kuona, na wakati huo viatu vya wateja vilikuwa vinasubiri. Mwanawe alirithi mapenzi hayo ya elimu, na pia deni lililotokana nayo. Hesabu za mwanzo George alifundishwa na baba. Kilatini alianzishiwa na muuza vitabu aliyekuwa rafiki wa familia. Kigiriki alijifunza mwenyewe. Akiwa na miaka 14 alitafsiri shairi la Kigiriki la Meleager, baba akajivuna na kulipeleka gazetini. Mwalimu mmoja wa pale mjini aliandika kwamba haiwezekani mtoto wa umri huo awe amefanya kazi ile.

Duka la viatu likaanguka. Akiwa na miaka 16, George ndiye aliyebaki kuwalisha wazazi na wadogo zake watatu. Alikuwa ametamani kuwa mchungaji katika Kanisa la Uingereza, lakini njia hiyo ilihitaji fedha na miaka ya masomo, na nyumbani walihitaji mkate. Wako mafrateri wanaosoma makala hii ambao ndugu zao walifanya uamuzi kama huo ili wao wapate kusoma. Boole alikwenda Doncaster kuwa mwalimu msaidizi katika shule ya Wamethodisti.

Huko hakudumu. Wazazi wa wanafunzi walilalamika kwamba mwalimu huyu anasoma vitabu vya hesabu siku ya Jumapili, na hata ndani ya kanisa anapiga hesabu. Isitoshe, alionekana kuvutwa na mafundisho ya Waunitariani, wasiokiri Utatu Mtakatifu. Hilo hatulifichi. Boole alimwamini Mungu mmoja kwa moyo wote, lakini hakuwa mtu wa kutulia ndani ya ungamo la Kanisa lolote.

Ni huko Doncaster pia, akiwa kijana wa miaka 17 hivi anayekatiza uwanja, ndipo lilipomjia wazo ambalo hakuliacha tena: je, kama namna akili inavyounganisha mawazo inaweza kuandikwa kwa alama, kama aljebra inavyoandika namba? Hakuwa na muda wa kulifuata. Akiwa na miaka 19 alirudi Lincoln na kufungua shule yake mwenyewe. Mchana alifundisha watoto, usiku alisoma vitabu vigumu vya hesabu vya Wafaransa. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alichagua vitabu vya hesabu kwa sababu vinachukua muda mrefu kusomwa, hivyo fedha kidogo ilimtosha.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1840 alituma makala zake kwenye majarida ya wataalamu. Mwaka 1844 Royal Society ya London ilimpa Medali ya Kifalme kwa ajili ya kazi yake ya hesabu. Mtu huyo hakuwa na shahada hata moja.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye mwaka 1847. Mwaka huo Boole alichapisha kijitabu chembamba kuhusu uchambuzi wa mantiki kwa njia ya hesabu. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutowafanyisha kazi wanawake na vijana zaidi ya saa kumi kwa siku katika viwanda vya nguo. Na mwaka huo huo, pale Lincoln, Boole alisimama mbele ya chama kilichokuwa kinadai maduka yafungwe mapema ili wauzaji wapate kupumzika. Vijana wa madukani walikuwa wanasimama nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka usiku. Boole alikuwa kiongozi katika chama hicho, na hotuba yake ilihusu matumizi mema ya muda ambao mfanyakazi amerudishiwa. Vitabu vingi vya historia ya kompyuta havitaji hotuba hiyo kabisa. Naona ni upungufu mkubwa, maana mtoto yule alijua kwa mwili wake siku ya kazi isiyo na mwisho ni kitu gani.

Kijitabu chenyewe kilisema nini? Mfrateri achukue kalamu, na mwamini asiogope, maana ni hesabu ya darasa la tano.

Tuseme herufi f ni mafrateri wote, b ni wabatizwa wote, na k ni wana wa Kanisa wote. Kuziweka herufi mbili pamoja, kwa mfano fb, maana yake ni wale walio mafrateri na wabatizwa kwa pamoja. Kila frateri ni mbatizwa; basi ukichagua mafrateri walio wabatizwa unapata mafrateri wale wale: f = fb. Kila mbatizwa ni mwana wa Kanisa: b = bk. Sasa mahali pa b katika mlinganyo wa kwanza weka bk. Unapata f = fbk. Lakini fb ni f tu. Kwa hiyo f = fk: kila frateri ni mwana wa Kanisa. Hoja ambayo Aristotle aliijenga kwa maneno imetoka kwa kubadilisha herufi.

Likafuata jambo la ajabu zaidi. Ukichagua wabatizwa, halafu kati yao ukachagua tena wabatizwa, huongezi wala hupunguzi mtu: bb = b. Katika namba za kawaida, ni namba zipi zinazobaki vile vile zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe? Mbili mara mbili ni nne, tatu mara tatu ni tisa. Zinazobaki ni mbili tu, 0 na 1. Boole alizipa maana: 1 ni vitu vyote tunavyovizungumzia, 0 ni hakuna kitu. Na kutoka hapo kanuni ya kutopingana, ambayo mafrateri huikariri kwa Metafizikia, inaandikwa hivi: x(1−x) = 0. Hakuna kitu kilicho hivi na wakati huo huo si hivi.

Kijitabu hicho hakikumletea fedha, ila kilimjulisha kwa wakubwa. Mwaka 1849 aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa hesabu katika Queen's College mpya iliyofunguliwa Cork, Ayalandi.

Alifika katika nchi iliyokuwa inazika watu wake. Ugonjwa wa viazi ulioanza mwaka 1845 ulikuwa umeleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja, na idadi kama hiyo ilikimbilia ng'ambo. Na chuo chenyewe kilikuwa na ugomvi na Kanisa letu. Serikali ilikusudia vyuo hivyo viwe vya watu wa madhehebu yote, bila mafundisho ya dini darasani. Mwaka 1850 maaskofu Wakatoliki waliokutana katika Sinodi ya Thurles walivilaani, na miaka minne baadaye John Henry Newman, leo Mtakatifu, alianza kazi kama gombera wa Chuo Kikuu Katoliki kule Dublin. Siku hizi ni rahisi kuwacheka maaskofu wale. Mimi siwacheki, waumini wao walikuwa wametoka kufa njaa chini ya serikali ile ile iliyokuwa inawaletea chuo. Lakini wapo vijana Wakatoliki waliosoma hesabu chini ya Boole, na yeye hakuwahi kugeuza darasa kuwa uwanja wa kubishana na imani yao.

Mwaka 1854 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za fikra. Ndani yake alichukua hoja za Samuel Clarke na za Spinoza kuhusu kuwapo kwa Mungu, akazipitisha kwenye milinganyo yake ili kuona zimesimama juu ya nini. Ni zoezi ambalo ningependa kila frateri alifanye angalau mara moja kabla ya kuingia teolojia. Utashangaa ni mara ngapi hitimisho limebebwa na dhana ambayo hakuna aliyeitamka.

Mwaka 1855 alimwoa Mary Everest, mpwa wa yule George Everest ambaye jina lake liko kwenye mlima. Walijaliwa mabinti watano. Mwaka 1862, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya London, alikutana na Charles Babbage, mzee aliyekuwa amebuni mashine ya kupiga hesabu na, miaka thelathini kabla, aliyeandika kitabu juu ya kazi inavyogawanywa viwandani. Mwenye mashine na mwenye mantiki walisimama mahali pamoja, kisha kila mmoja akashika njia yake. Ilibidi ulimwengu usubiri miaka 75 ili vitu hivyo viwili viungane.

Tarehe 24 Novemba 1864 Boole alitoka nyumbani Ballintemple kwa miguu kwenda chuoni, mwendo wa karibu kilometa tano, mvua ikinyesha. Alifundisha kipindi chake akiwa na nguo zilizolowa. Homa ya mapafu ikamshika. Inasimuliwa kwamba mkewe, aliyeamini kwamba dawa hufanana na chanzo cha ugonjwa, alimfunika kwa mashuka yaliyoloweshwa maji. Alifariki tarehe 8 Desemba, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, miaka kumi kamili tangu Papa Pio IX atangaze fundisho hilo. Alikuwa na miaka 49, na binti yake wa mwisho alikuwa bado mchanga. Amezikwa Blackrock, pembeni mwa Cork.

Kwa miongo mingi aljebra yake ilibaki mikononi mwa wanafalsafa na wanahesabu wachache. Kisha mwanafunzi Mmarekani, Claude Shannon, ambaye alikutana na mantiki ya Boole katika somo la falsafa, aliandika mwaka 1937 tasnifu iliyoonyesha kwamba swichi za umeme, zikiwa zimefungwa au zimefunguliwa, zinafuata sheria zile zile za 0 na 1. Mafrateri wasisahau hilo: lilikuwa somo la falsafa, tena la lazima la shahada ya kwanza tu. Kompyuta zote tulizonazo zimejengwa juu ya ugunduzi huo.

Na kiwanda kinaingiaje? Tuchukue cha viatu, kwa heshima ya mzee John. Kuna mashine moja ya kushonea na oda tatu: viatu vya shule, mabuti na makubadhi. Kila oda kwanza ikatwe ngozi, kisha ishonwe, kisha ibandikwe soli, na viatu vya shule lazima vitoke kabla shule hazijafunguliwa. Acha p iwe kauli kwamba viatu vya shule vinatangulia mabuti kwenye mashine ya kushonea. Q, kwamba mabuti yanatangulia makubadhi. R, kwamba viatu vya shule vinatangulia makubadhi. Kila kauli ni 1 au 0. Na kuna sharti lisilokwepeka: kama p ni kweli na q ni kweli, r haiwezi kuwa si kweli. Kwa aljebra ya Boole, pq(1−r) = 0. Ukiandika masharti yote ya kiwanda kwa namna hiyo, kupanga ratiba kunakuwa kutafuta 0 na 1 zinazoyatimiza yote kwa pamoja.

Oda tatu unazipanga kichwani. Hatari inakuja zinapoongezeka. Mwaka 1963 watafiti walichapisha fumbo dogo lenye kazi 10 na mashine 10. Kila mashine ina jozi 45 za kazi, na kila jozi inauliza ipi itangulie; jumla ni maswali 450 ya ndiyo au hapana. Fumbo hilo liliwashinda wataalamu mpaka mwaka 1989, Wafaransa wawili, Carlier na Pinson, walipothibitisha kwamba ratiba fupi kuliko zote inachukua vipimo 930 vya muda, na kwamba 929 haiwezekani. Miaka 26 kwa karatasi moja ya masharti! Mwaka 1971 Stephen Cook alikuwa ameshaonyesha kwa nini: kuyatimiza masharti mengi ya Boole kwa pamoja ni miongoni mwa maswali magumu kabisa, ambayo mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kuyajibu yote.

Hata hivyo programu za leo zinaweza mengi. Namna yake inafanana na mtu mwenye busara anayetafuta njia msituni. Inakisia kauli moja kuwa kweli, inafuata yote yanayotokana nayo, na ikigonga mgongano inarudi nyuma. Lakini hairudi mikono mitupu. Inachunguza ni kauli zipi hasa zilizosababisha mgongano, inaziandika kama sharti jipya, na hairudii kosa hilo. Halafu inajiuliza: je, ratiba ya siku nane inawezekana? Ikipatikana, inajaribu saba. Ikithibitika kwamba saba haiwezekani, mwenye kiwanda anajua kwamba nane ndiyo bora, na hakuna haja ya kumlaumu fundi.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilimwomba yule mama anipeleke kwa msimamizi wake. Ni kijana mstaarabu, Mkatoliki, amesoma vizuri. Alinionyesha kwenye skrini orodha ya masharti waliyoiandikia programu. Yamegawanyika mara mbili. Yapo yasiyovunjwa kwa vyovyote, kama vile mashine moja haifanyi kazi mbili kwa wakati mmoja, au tanuri lazima lipoe kabla ya kusafishwa. Yapo mengine yanayoruhusiwa kuvunjwa kwa kulipia alama za adhabu, na programu hutafuta ratiba yenye adhabu ndogo zaidi. Kuchelewesha oda ya mteja mkubwa kuna adhabu kubwa. Kubadilisha rangi kwenye mtambo kuna adhabu. Mtu kufanya zamu mbili za usiku mfululizo kuna adhabu kidogo.

Nikatafuta Jumapili. Haikuwamo, si katika masharti makali wala katika yale ya adhabu. Kwa programu ile Jumapili ni siku kama Jumanne. Nilimuuliza kijana nani aliiondoa, akasema kwa unyofu kabisa kwamba hakuna aliyeiondoa. Waliokaa kuandika masharti walikuwa mtu wa mauzo, mtu wa mitambo na yeye, na hakuna kati yao aliyekumbuka kuiuliza. Programu haikukataa kumpumzisha mama yule. Haikuambiwa kwamba yupo mtu anayepumzika.

Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 kuhusu wafanyakazi, aliandika kwamba pumziko la Jumapili ni haki ya mfanyakazi ambayo hata mwenyewe hawezi kuiuza. Kwa lugha ya kijana yule, hilo ni sharti kali. Nilimweleza hivyo na alielewa mara moja, kuliko ambavyo angeelewa mahubiri yangu. Aliniambia kuna viwanda ambavyo mtambo hauwezi kuzimwa, na hapo hata Kanisa linakubali watu wafanye kazi. Nikamkubalia, lakini nikamwuliza kwa nini basi iwe mtu yule yule wiki sita. Kuandika sharti kwamba hakuna atakayepewa zaidi ya Jumapili moja kwa mwezi, alisema, ni kazi ya robo saa. Alichokosa ni ruhusa, kwa kuwa huenda oda kadhaa zikachelewa siku moja, na hilo si lake kuamua.

Wanakwaya wanne wanaofanya kazi pale wameandika barua kwa uongozi kuomba sharti hilo liongezwe. Tuliiandika pamoja ukumbini, na frateri aliyekuwa kwetu kwa uchungaji ndiye aliyeiweka sawa, hoja kwa hoja, mpaka ikatosha ukurasa mmoja. Hadi ninapomaliza makala hii hawajajibiwa. Jumapili iliyopita sauti ya pili ilikuwa na waimbaji watatu.